Siku Moja Ujiji, na Wamama Ambao Jiwe Haliwataji



Wengi wenu mnajua kwamba sita kati yetu tulivuka ziwa mwezi uliopita kwenda Kigoma, Tanzania, kuuza vikwembe na kununua sahani, ndoo na mchele kwa ajili ya kikundi. Habari ya biashara mlikwisha kuisikia mkutanoni: tulichouza, tulichonunua, na kilichovunjika njiani. Leo tunataka kuwasimulia siku moja ambayo haimo katika hesabu ile. Tangu turudi Kalemie kuna manung'uniko ya chini kwa chini. Watu wanasema: "Wale wamama walikodi gari, wakatembea kama watalii." Ni kweli, tulikodi gari. Sikilizeni kwanza namna ilivyokuwa, kisha mtuhukumu.

Namna tulivyompata shofere

Tulimaliza kununua vitu siku ya tano. Boti yetu ilipashwa kuondoka mangaribi ile, lakini upepo ulikuwa mkali, na nahodha akatuambia kwamba hatuondoki mbele ya kesho usiku. Basi tulikuwa na siku nzima ya kungoja. Tungefanya nini? Kukaa juu ya mizigo na kuhesabu ndoo mara ya kumi? Ndipo mmoja wetu akasema: "Mimi huu ni mwaka wa nane ninavuka ziwa hili. Katika Kigoma ninajua bandari, soko na nyumba ya kulala wageni. Mtoto wangu akiniuliza Tanzania iko namna gani, nitamjibu kwamba ni duka la ndoo." Tulicheka, lakini neno lile lilituingia. Sisi sote tulikuwa kama yeye.

Swali la kwanza lilikuwa la feza. Mama mweka hazina alikumbatia mkoba wake akasema: "Franga za kikundi hazitalipa gari." Tukamkubalia palepale. Kila mmoja alitoa katika feza yake mwenyewe, ile ya kununulia watoto zawadi. Tunaliandika jambo hili wazi ili maneno yaishe: hata shilingi moja ya kikundi haikuingia humo.

Mwenye nyumba ya kulala alituitia kijana mmoja mwenye gari aina ya Noah. Kijana alitaja shilingi 120,000. Sisi tukataja 70,000. Ninyi mnatujua, sisi ni watu wa soko; kununua bila kuongea bei hutuumiza tumbo. Tuliishia 90,000, petroli ikiwa ndani yake, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja. Kwa watu sita, ni 15,000 kila mmoja. Tukaandika kwenye karatasi bei, saa, na mahali tutakapopita. Tukapatana kulipa nusu asubuhi na nusu jioni. Kijana alicheka: "Mama zangu wa Kongo, mnaniandikia mkataba kama serikali?" Tukamjibu: "Mwanetu, karatasi inakulinda wewe na sisi." Mtaona baadaye kwamba neno hilo lilitugeukia.

Asubuhi: reli, meli na ndagala

Shofere alikuja saa mbili kamili, gari limeoshwa. Yule dada mwenye mtoto wa miezi saba alikaa mbele, sisi wengine nyuma. Njiani tulianza kushindana kwa lugha. Tulipomwambia kwamba tunataka kula sombe saa sita, hakuelewa. Kwake sombe ni kisamvu. Lenga-lenga yetu ni mchicha wake, kikwembe chetu ni kitenge chake, na yeye mwenyewe si shofere bali ni dereva. Tulimwambia: "Leo wewe ni shofere." Akakubali.

Alitupeleka kwanza kwenye stesheni ya reli. Ni jengo kubwa la wakati wa Wajerumani. Reli hii iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kutoka pale shofere akatuonyesha upande wa bandari, akatueleza habari za meli Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli na kwa reli, ikaunganishwa tena palepale Kigoma. Wakati ule iliitwa Graf von Götzen. Katika vita vya kwanza vya dunia Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hapo tukamfundisha shofere naye jambo moja. Ndege zilizokuja kuipiga Kigoma kwa mabomu mwaka ule wa 1916 zilikuwa za Wabeleji, na ziliruka kutoka Mtoa, karibu na Kalemie yetu. Wazee wetu waliziona zikipanda na wazee wake waliziona zikishuka. Akasema: "Kumbe ninyi ndio mliotupiga!" Tukamwambia hatukuulizwa, na ninyi pia hamkuulizwa. Wazungu walipigana, na mizigo yao ilibebwa juu ya vichwa vya watu wetu, pande zote mbili za ziwa.

Kisha tukateremka Kibirizi, mahali pa wavuvi. Hapo hatukuhitaji mtu wa kutueleza. Wamama walikuwa wakigeuza dagaa waliotandazwa juani, yaani ndagala wetu wenyewe, wa ziwa lilelile. Tuliwasalimu, tukainama tukagusa ndagala kuona kama wamekauka vizuri, na mara tukaanza mazungumzo. Walituambia kwamba mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mtaji unaoza mbele ya macho. Walituambia kwamba usiku wa mwezi mkubwa wavuvi hawapati kitu, kwa sababu ndagala hawafuati taa. Tukaona kwamba shida zao ni zetu. Shofere alitungoja nusu saa zaidi ya alivyopanga. Boti za kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, huondokea pande zile pia, lakini Gombe hufikiwa kwa maji tu, na sisi maji tulikuwa tunayangoja usiku. Tukaacha.

Tuwaambie pia jambo dogo ambalo litawasaidia ninyi mtakaosafiri. Tulipotoka Kibirizi, shofere aligeuza gari akatusimamisha mbele ya duka la vinyago na vitambaa, ambalo halikuwa kwenye karatasi yetu. Tulimwuliza kwa upole: "Mwanetu, hapa unapata kitu kidogo tukinunua?" Akatazama chini akakubali. Hatukumkasirikia, kila mtu anatafuta riziki. Lakini tulimwonyesha karatasi, na gari likaendelea.

Ujiji, chini ya mwembe

Ujiji ni mji wa zamani, kilomita chache kusini ya Kigoma. Kabla ya Kigoma kujengwa, Ujiji ndiyo iliyokuwa mji mkubwa wa ziwa. Njia ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, iliyotoka Bagamoyo pwani na kupita Tabora, ilifika ziwani hapo. Kutoka hapo watu walivuka kuja kwetu. Na kutoka kwetu walivukishwa watu wetu.

Kuna makumbusho yenye sanamu mbili za ukubwa wa mtu, wazungu wawili wanaosalimiana. Nje, chini ya miembe, kuna jiwe la ukumbusho. Mahali hapo mwaka 1871 mwandishi wa gazeti aitwaye Stanley alimkuta Livingstone, yule mmisionari na msafiri ambaye huko Ulaya wengi walidhani amekufa. Mwembe wa wakati ule ulikwisha kufa. Iliyopo leo, wanasema, ni wazao wake. Tulipiga picha, mmoja wetu akaiga wale wazungu kwa kuinua kitambaa cha kichwani kama kofia, tukacheka sana. Mpaka hapo tulikuwa watalii kweli.

Kijana anayeongoza wageni alituuliza tumetoka wapi. Tuliposema Kongo, alisema: "Basi Livingstone naye alikuwa ametoka kwenu. Alikuja hapa kutoka Manyema, kwa miguu, mgonjwa, hana kitu." Yule mama wa kwetu ambaye ukoo wake ni wa Kasongo aliacha kucheka. Akauliza: "Manyema gani? Mahali gani?" Kijana akajibu: "Nyangwe." Mama akashika mkono wa jirani yake akasema: "Nyangwe ni kwetu. Mama yangu aliuza muhogo soko la Nyangwe."

Tukamwomba kijana atueleze kila kitu, polepole, hata kama saa inapita. Na sisi tunawaeleza ninyi kama tulivyoelezwa.

Livingstone alikaa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, karibu miezi minne mwaka ule wa 1871. Alikuwa akingoja mitumbwi ili avuke na kuendelea. Kila siku ya soko alipenda kutembea kati ya wauzaji, na wengi wao walikuwa wamama. Walikuja kutoka mbali na kutoka ng'ambo ya mto, vichwani wamebeba mizigo mizito ya muhogo mkavu na vyungu, ili wabadilishane kwa mawese, samaki, chumvi na pilipili. Aliandika namna walivyofurahia kubishana bei, kutaniana na kucheka. Aliandika pia kwamba katika nchi ile palikuwa na desturi moja kubwa: hata kama wilaya mbili zinapigana, mama anayekwenda sokoni hupita salama, wala hakuna anayegusa mzigo wake.

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa karibu 1,500. Wakaingia watu watatu wenye bunduki, wa kundi la mfanyabiashara wa watumwa na pembe. Mmoja wao akaanza kubishana bei ya kuku. Wamama, mmesikia vizuri: kuku. Baada ya kitambo kidogo bunduki zikalia katikati ya soko. Wamama wakatupa mizigo wakakimbilia mitumbwi. Huko mtoni kundi lingine likawafyatulia risasi. Mitumbwi ilibanana, mingine ikasukumwa bila kafi, mingine ikazama kwa uzito wa watu. Wengi walijitupa majini wakajaribu kuogelea, na mto ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe waliokuwa pale walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hesabu ya kweli hakuna aliyeiweka.

Livingstone hakuweza tena kukaa na watu wale. Aliacha mpango wa kuvuka Lualaba, akarudi kwa miguu mpaka Ujiji, akafika mwezi wa kumi. Alikuta mali yake yote aliyoiacha imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Siku chache baadaye Stanley akatokea. Hivyo ndivyo wale wawili walivyokutana chini ya mwembe. Stanley alibeba barua za Livingstone mpaka Uingereza, na ndani yake kulikuwa na habari ya soko la Nyangwe. Habari ile iliwatikisa watu wengi. Ilisaidia kuongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Livingstone mwenyewe alikufa mwezi wa tano mwaka huohuo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, mbele ya kusikia habari hiyo. Na Stanley? Huyo tunamjua. Ndiye aliyerudi kwetu baadaye kufanya kazi ya mfalme Leopold II, na machozi ya utawala ule ni habari ya siku nyingine.

Kijana alipomaliza, hatukuwa na neno. Mtoto wa miezi saba peke yake ndiye aliyekuwa akiongea. Kisha mama wa Kasongo akaenda kusimama mbele ya lile jiwe, akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa nalo: "Na wao wameandikwa wapi?" Kijana akajibu kwa heshima: "Hapa hawakuandikwa, mama."

Mama yule alifungua kitambaa chake. Ndani mlikuwa na embe alilonunua njiani. Akaliweka chini, karibu na jiwe, akasema kwa Kiswahili cha kwetu: "Wamama wa soko, tulipita kuwasalimia." Basi, hakusema zaidi. Sisi tukakaa kimya naye.

Shofere aliyekuwa amekaa nje

Wakati huo shofere alikuwa amekwisha kupiga honi mara mbili. Alipoona hatutoki, akaja mwenyewe, akatukuta tumekaa chini ya mwembe. Mmoja wetu akamweleza kwa maneno machache. Akasema: "Nimeleta wageni hapa mara nyingi. Mimi hubaki kwenye gari." Kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia: "Bibi yangu mzaa baba, nyumbani wanasema alikuwa Mmanyema. Sijapata kuuliza ametoka wapi hasa, wala namna gani alifika."

Si ajabu. Katika Ujiji na Kigoma kuna watu wengi ambao wazee wao walitoka upande wetu, Wamanyema, Wabwari na wengine. Baadhi walivuka kwa biashara, wengine kama wapagazi, wengine wakiwa wamefungwa. Mama wa Kasongo akamtazama yule kijana, akamwambia: "Basi tangu asubuhi ulikuwa ukiendesha shangazi zako." Tokea hapo hakutuita tena "mama zangu wa Kongo". Alituita "shangazi".

Tulifika Kigoma saa kumi na mbili badala ya kumi na moja. Shofere hakusema neno, lakini karatasi ilisema. Saa moja imezidi, na waliochelewa ni sisi. Tukaongeza shilingi 10,000 bila kuombwa. Mama mweka hazina alinung'unika kidogo, kisha akatoa. Karatasi inayomfunga mwenzako, inakufunga na wewe.

Tulichorudi nacho

Kwanza tuseme yale madogo, kwa kina mama wanaosafiri. Ongeeni bei mbele ya kupanda gari, na mwulize waziwazi kama petroli imo. Andikeni saa na mahali. Msilipe yote asubuhi. Mwambie mtu wa nyumba mnayolala jina la shofere na namba ya gari. Bebeni maji na kitu cha mtoto. Feza ya safari isikae mkoba mmoja na feza ya kikundi. Na yule anayeendesha ni mtoto wa mtu: mwiteni mle naye saa sita, kama sisi tulivyokula naye kisamvu chake, ambacho ni sombe yetu.

Sasa lile kubwa. Tumevuka ziwa hili miaka mingi tukidhani ng'ambo ni pahali pa ndoo na mchele. Hatukujua kwamba huko kuna jiwe la watu wawili, na kwamba nyuma ya jiwe lile kuna mamia ya wamama wa kwetu, waliokwenda sokoni asubuhi kama sisi tunavyokwenda, ili watoto wapate chumvi. Kama tungebaki juu ya mizigo yetu, tusingejua. Kama tungepiga picha na kuondoka, tusingejua pia. Tulijua kwa sababu mama mmoja aliuliza, "Mahali gani?"

Na ile desturi ya zamani, kwamba mama anayekwenda sokoni haguswi hata wakati wa vita, tumeijadili njia nzima ya kurudi, usiku, juu ya maji. Wengi wetu tumepita barabara ambazo mzigo wa mama unafunguliwa kwenye kila kizuizi, na wengine wetu wamepita mahali pabaya kuliko hapo. Tunaambiwa mara nyingi kwamba usalama wa mwanamke ni jambo jipya, limeletwa na semina. Si jipya. Wazee wetu walikuwa nalo, wakalishika, mpaka siku bunduki ilipoingia sokoni kwa ajili ya kuku. Tuna haki ya kulidai kama urithi wetu.

Tunawaomba, katika mikutano ya juma hili, kila kikundi kizungumze maswali haya mawili. Katika soko letu, ni nani anayemlinda mama na mzigo wake, na sisi wenyewe tunalindana namna gani? Na je, bibi zetu walitoka wapi, walivuka nini, na nani kati yetu aliyekwisha kuwauliza? Walio na mama mzee nyumbani, waulizeni sasa, mwandike jina na mahali kwenye daftari la mtoto wa shule.

Sasa tuhukumuni juu ya ile 15,000 ya kila mmoja. Zawadi za watoto zilipungua safari hii, tunakubali. Lakini mama wa Kasongo aliporudi alimpigia simu mama yake mzee, wakaongea mpaka vitengo vikaisha.

Juma lijalo tutarudi kwenye habari ya likelemba na wale wanaochelewa kulipa. Mnajijua. Kaeni salama.